Mtabiri wa Foleni

Asubuhi ile mchanganya rangi aliwadanganya majirani zake. Aliwaandikia kwenye kundi la simu la jengo lao kwamba njia ya nyuma ya kiwanda cha sabuni imefungwa, wapite barabara kuu. Kisha akaiweka simu kifudifudi mezani, kana kwamba ingemkodolea macho.

Alikuwa na sababu. Mkewe, mkunga, alikuwa anakwenda kwenye usaili wa ukuu wa wodi ya wazazi. Mara ya kwanza alipoiomba nafasi hiyo alikwama njiani, akapewa mwingine. Safari hii walikwisha kumwambia: atakayechelewa asihangaike kubisha hodi.

Simu ya mchanganya rangi ilikuwa na ramani inayotabiri foleni. Ilishajua anatoka lini na anakwenda wapi, na kabla hajamaliza chai ilimwambia barabara ipi itajaa na ipi apite. Mwenye akili angeishia hapo. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kuongeza chumvi. Dukani, mashine ikishapima rangi, yeye huitazama, hukunja uso, akaongeza tone la nyeusi kwa jicho lake. Wateja wengine walirudi na makopo, naye aliamini kasoro iko kwenye kuta zao. Utabiri wa simu aliufanyia vivyo hivyo. Ikisema barabara kuu, yeye alitazama mawingu, akakumbuka kwamba shule zimefunguliwa, akawatangazia majirani njia ya sabuni. Jioni walimshukuru ngazini. Fundi bomba wa ghorofa ya chini akambandika jina la Mtabiri, naye akalipokea kama mtu avikwaye joho.

Leo simu ilisema njia ya sabuni, na kwa mara ya kwanza hakuongeza tone. Hofu yake ilikuwa majirani tu. Njia ile ni uchochoro wa gari moja kati ya kuta mbili ndefu. Wakimiminika humo wote, hakuna atakayepita. Ndiyo maana akadanganya.

Ndani ya gari mkewe alikaa wima ili asikunje gauni.

"Una hakika na njia hii?"

"Leo nimemsikiliza mwenye akili."

Nusu ya kwanza ilikuwa nyeupe hata akapiga mluzi. Baada ya kona akaona taa nyekundu za gari la mama wa ghorofa ya tatu, na mbele yake magari mengine ya jengo lao, yakisubiri kuchomoza moja moja. Pikipiki ya fundi bomba ilikuwa katikati, mabomba yamefungwa kwa upana, haiwezi kupenya popote. Kabla hajafikiri kurudi nyuma, mwalimu wa hesabu, jirani yao mwingine, alikwisha kumfungia njia kwa nyuma.

Akashuka, akamuuliza fundi bomba kwa nini wamekuja ilhali amewaambia pamefungwa.

Fundi bomba alitazama viatu vyake. Akaeleza kwa upole kwamba ni siku nyingi sasa.

"Usichukie, kaka. Wewe ukisema kushoto, sisi tunakwenda kulia. Sijachelewa kwa mteja hata mmoja."

"Na zile shukrani za ngazini?"

"Zilikuwa za dhati kabisa. Bila wewe tungebahatisha."

Mchanganya rangi alijihisi kama mtu anayeambiwa jioni kwamba shati amelivaa kinyume tangu asubuhi, na kwamba kila mtu alilisifia. Angesema kweli, wote wangekimbilia barabara kuu.

Mkewe alikuwa amesikia yote dirishani. Hakumgombeza, alitazama saa, na hilo lilimuuma zaidi. Basi Mtabiri akameza mate na aibu kwa pamoja, akamweleza fundi bomba habari ya usaili na ya uongo wake, akamwomba amwahishe mkewe. Mabomba atabaki nayo yeye.

Fundi bomba alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafungua kamba, akamvika mkunga kofia yake.

"Panda, shemeji. Mtabiri, mwisho wa uchochoro tukate wapi?"

Alitazama ramani, akatazama na mawingu. "Kushoto kuna nafuu," akasema, kwa moyo safi.

Mkewe akamgonga fundi begani. "Umesikia. Kata kulia."

Wakapenya kati ya magari, gauni limekunjwa hadi magotini.

Mabomba hayakuingia garini. Akaketi ameyashika nje ya dirisha kwa mkono mmoja, mkono ukafa ganzi, foleni ikasogea hatua moja kisha ikalala. Alikuwa amekwisha kukata tamaa mara kadhaa ndipo simu ikatikisika. Mkewe ameandika: "Nimewahi. Ndio naitwa ndani. Kulia kulikuwa kweupe."

Aliusoma ujumbe tena. Angeweza kulia, lakini machozi yanahitaji mkono wa kuyafutia.

Nyuma yake mwalimu wa hesabu alitoa kichwa nje akauliza kama wataendelea kukaa sana.

Mtabiri akafungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kweli, "Sana, mwalimu. Hapa tumelala."

Mwalimu akashusha pumzi kwa raha, akawasha gari.