Pola Hasemi Uongo

"Futa, Twahir. Futa sasa hivi nikikuona—"

"Nifute nini, na Madam Wanjira anasahihisha Ijumaa? Wanitakia nini wewe—"

"Mtu anatutisha, wewe wanizungumzia maksi—"

"Hatutishi sisi. Anamtisha Pola. Na Pola ni nani? Hebu niambie, dadangu, Pola ni nani?"

Jibu Widad alikuwa nalo. Pola hakuwa mtu.

Mambo yalianza kwa mzaha. Chuoni kwao, huko Kilifi, Madam Wanjira aliwagawa wanafunzi wa ualimu watano watano, kila kundi na blogi yake, iliyo wazi kwa yeyote kusoma. Wakienda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja aandike yaliyomfika darasani, wenzake wamjibu, wafunzane. Kundi lao lilikuwa na wanne: yeye Widad na Twahir, waliopelekwa shule moja Mambrui, Kyalo aliyetupwa Kikambala, na Phoebe wa karibu na Bofa. Wa tano aliacha masomo hata kabla hawajamzoea jina. Mwengine angeenda kumwambia Madam. Twahir, ambaye hata matangani hakosi la kuchekesha, akafungua akaunti ya mtu wa tano. Akamwita Pola. Picha akampiga Widad kwa nyuma, amesimama ubaoni na buibui lake, uso hauonekani. Wakakubaliana wamwandikie kwa zamu.

Na Pola, asiye na baba wala mama, akawashinda wote. Kwa vile jina halikuwa la mtu, kila mmoja alimwandikia yale ambayo kwa jina lake mwenyewe angeona haya: kwamba darasa limemshinda, kwamba amelia chooni akanawa uso akarudi, kwamba hesabu za sehemu hata yeye hazimwingii. Makundi mengine yakawa yanamkimbilia. Mtu akikwama na somo, utasikia, muulize Pola, Pola hasemi uongo.

Ilipofika zamu ya Widad, akaandika habari za mtoto mmoja wa gredi ya nne. Jina hakulitaja, ndiyo sheria ya blogi. Alisema nina mtoto hakai. Tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho amesimama, anaandika ameinamia dawati kama anayechungulia kisima. Nikimwambia keti, anatabasamu. Nifanyeje?

Ushauri ukamiminika. Kyalo akasema wapo watoto wanaojifunza kwa kusimama, amesoma mahali. Phoebe akataka apewe kazi ya kufuta ubao, achoke, atakaa mwenyewe. Twahir akaandika kwamba huyo siasa hatafaa, kiti anakikataa. Watu wakacheka, wakabishana, wakarushiana nadharia wiki nzima. Katika walimu wote hao wa kesho, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mtoto anaweza kukaa.

Aliyelijua hilo alikuwa mgeni. Akaunti isiyo na picha, imejiita Jirani. Ilisema: "Hakai kwa sababu hawezi. Amefunzwa adabu. Na wewe mwalimu, wako wa kukufunza adabu yuko wapi?"

Widad aliyasoma mara mbili. Kesho yake alimwita pembeni yule mtoto, Harusi, akamwuliza kwa upole, na mtoto akatabasamu tu. Lakini alipogeuka kwenda zake, upepo ukapeperusha sketi kidogo, na Widad akaona nyuma ya magoti: michirizi, mipya juu ya mikuukuu. Akenda mbio kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akakuna kidevu, akasema atamwita mzazi, ila mambo ya majumbani yataka subira, na wewe, mwanangu, uko hapa kwa mazoezi tu.

Jirani naye hakungoja. Kila siku akawa na neno. Mara kioo cha dirisha la darasa lenu kimevunjika, angalieni watoto wasikatike. Mara buibui la mwalimu leo limeingia tope. Kwa adabu, tena na shikamoo juu. Na asubuhi hii akaandika maneno mawili: "Leo naja."

Ndiyo maana wakawa wanagombana kwenye chumba cha walimu, wenzao wako madarasani. Widad ataka Pola afutwe, mtoto apone. Twahir, mwenye paswadi, ashikilia kwamba ukimfuta, yule mtu atajua ameogopewa, na mtu aliyeogopewa huzidi. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. Simu ameikumbatia kifuani kama mwenye kuficha jeraha.

Wakasikia bodaboda. Ikaja hadi getini ikasimama, lakini haikuzimwa. Mngurumo ukabaki pale pale. Kisha mtu mmoja akaingia uani, mrefu, anachechemea, mguu mmoja anauburura mchangani. Madarasani watoto walikuwa wakiimba jedwali la nne, na Widad akasikia kwamba darasa lake yeye limeacha kuimba.

Mtu akasimama mlangoni. Widad akatoa shikamoo. Yule mtu akaitikia marahaba, akauliza mwalimu Pola ni yupi.

Twahir akafungua mdomo. Widad akamtangulia. "Ni mimi."

Twahir akasogea akasimama kati yao, mwili mwembamba kama mfagio, lakini akasimama.

Yule mtu hakuinua mkono. Alisema yeye ni Aboud, babake Harusi. Tangu aanguke kwenye paa la makuti la hoteli aliyokuwa akiiezeka, kazi hana, na mkewe yuko Saudia, kwa hivyo wanakaa kwa mdogo wake, wanakula kwa mdogo wake. Simu ya kusomea mambo haya hana. Mdogo wake ndiye anayo. Kila jioni akishakula humsoma Pola kwa sauti, anacheka, kisha hunyamaza, kisha humwita mtoto.

Akageuza shingo kidogo kuelekea getini. Pikipiki ikangurumishwa mara moja, kama mtu anayekohoa kuhimiza.

"Ndiye yule, ndiye Jirani wenu," akasema. "Amenituma nimtoe mtoto. Asema leo ndiyo ya kumaliza maneno."

Widad akasema hampi mtoto, hata waje kumi. Twahir akasema atafunga geti, ataita polisi, ataita kijiji. Aboud akawasikiliza wote wawili kama mtu anayesikiliza mvua, akawaambia hata polisi wakija, yule ameketi nje sasa hivi, na geti lenyewe ni bati.

"Mimi nikitoka nikisema sikumkuta, hataniamini," akasema. "Mimi hajaniamini tangu utotoni. Lakini simu iko mkononi mwake pale, ameifungua, anangoja kusoma. Na kitu kimoja husema kila siku, kwamba huyu Pola ni adui yake lakini hasemi uongo."

Akaushika mlango kwa mikono miwili.

"Nakuomba, mwalimu. Andika sasa hivi. Andika kwamba leo mwanangu hakuja shule."