Kipepeo Kisichooza

Watu hudhani mwalimu wa chekechea hawezi kuwa mpweke. Siku nzima unavutwa sketi, unafutishwa makamasi, unaitwa mwalimu mpaka jina lako mwenyewe unalisahau. Kisha kengele inalia, wanaondoka wote na kelele zao, na mimi narudi kwenye chumba chenye kikombe kimoja, kuongea na birika.

Wote isipokuwa mmoja. Tulimwita Bi Maswali, na ukikaa naye kidogo tu utajua kwa nini. Mama yake ni msusi, na wateja wa jioni hawaachiki, hivyo tulikuwa tukimsubiri sisi wawili, tumekaa kizingitini mwa darasa, hadi giza lianze kuingia. Sikumwambia mtu, lakini siku yangu nzima ilikuwa ni saa ile.

Muhula mmoja nilitaka watoto wajue kitu kikitupwa kinakwenda wapi. Nikawaambia kila mmoja alete majani mawili kutoka kwao, tutengeneze vipepeo: jani huku, jani huku, kijiti katikati, gundi ya unga wa ngano. Bi Maswali anakaa ghorofani, kwao hakuna hata nyasi. Akaleta majani mawili ya plastiki, kayachomoa kwenye maua ya sebuleni. Wenzake wakamcheka. Mimi nikampa kijiti kama wengine, na kwa kuwa gundi haikushika plastiki, nikamfungia kwa waya wa maua yaleyale.

Haikuchukua muda vipepeo vikajikunja, vikawa rangi ya kahawia. Chake kikang'aa vilevile, na waliomcheka wakaanza kumwonea wivu. Tukavizika vyote kwenye ndoo ya udongo, tukawa tunamwagilia. Tuliporudi kutoka likizo nikaimwaga ndoo juu ya gunia. Watoto wakachambua kwa vidole, kila mmoja akitafuta chake, wakaambulia udongo mweusi na nyungunyungu mmoja aliyezua vurugu. Kisha kikatoka kipepeo kimoja, kijani kibichi.

Jioni, pale kizingitini, Bi Maswali alikuwa amekiosha, kakishika mkononi.

"Mwalimu, vya wenzangu vimekuwa udongo, vyote pamoja?"

"Vyote."

"Na changu?"

"Hicho hakiozi. Mimi na wewe tutaondoka, chenyewe kitabaki."

"Peke yake?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema, "Peke yake."

Hakulia. Alirudi kwao, akachukua mkasi wa kazi wa mama yake, akayakatakata maua yote ya sebuleni. Akatengeneza vipepeo, akavipanga kitanda kizima, ili kile cha kwanza kipate wenzake.

Kesho yake asubuhi mama mtu alikuwa ofisini kabla yangu. Alisema shida si maua, ingawa aliyataja moja moja kwa rangi zake. Kilichomuuma ni kwamba mtoto anayeshinda bila mama hadi jioni ameambiwa neno kama lile. Alitaka nimwambie binti yake, hapohapo, kwamba nilikosea, kwamba hata kipepeo chake kitaoza, siku si nyingi. La sivyo anamhamisha shule.

Mwalimu mkuu ni mtu wa kupenda mambo yaishe. Akanivuta pembeni.

"Sema tu samahani, binti yangu. Utapungukiwa nini?"

Nilijua hasa nitakachopungukiwa. Nilikiona kizingiti kile jioni, nimekaa mwenyewe, sina wa kumsubiri wala wa kunisubiri.

Bi Maswali alikuwa amesimama mlangoni, kipepeo mkononi, ananitazama. Hakuuliza kitu. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama," nikasema, "mwanao aliniuliza ukweli nikampa. Yeye akautafutia dawa, jambo ambalo hata mimi sijaliweza. Sitamwambia kwamba kitaoza, maana hakitaoza. Mhamishe ukitaka. Siombi radhi."