Bima ya Wendell

Mke wangu Nadine alimkatia Wendell kipande cha pai ya cheri kikubwa kuliko changu. Nyumba yetu ya kule Iowa, Marekani, tulishaiuza, lakini kipande kile nakikumbuka hadi leo.

Mke wangu na mimi tulizaliwa mwezi mmoja, kwa hiyo tulitimiza sitini na tano pamoja na kuingia pamoja kwenye bima ya afya ya serikali kwa wastaafu. Wendell alikuja jikoni kwetu kutuuzia bima ya nyongeza. Ndiye pia aliyempeleka Nadine kwenye dansi ya kumaliza shule kabla yangu, na hilo sijawahi kulimeza.

"Serikali inalipa sehemu kubwa," alisema huku akitafuna. "Kinachobaki ndicho kinachofilisi watu, na nyongeza inakifunika. Miezi hii sita ya mwanzo kampuni haina ruhusa ya kuuliza uliwahi kuugua nini. Ikipita watauliza, na wanaweza kukukataa."

Alimtazama Nadine, ambaye aliwahi kukatwa titi kwa saratani. Alimtazama kwa upole, na roho ikaniuma.

"Mimi nachukua ile inayotangazwa kwenye televisheni, badala ya nyongeza yako," nikasema. "Kila mwezi hulipi kitu zaidi, na meno na miwani vimo."

"Harlan, hospitali kubwa ya mjini haiipokei ile," Wendell akasema.

"Kwani nimekuuliza?"

Wendell alipoondoka, Nadine aliosha sahani. Kisha akasema, "Mzee mzima, wivu wa nini? Mtu mwenyewe hana hata nywele."

"Kumbe nywele zake umeziangalia."

Akacheka mpaka akashika sinki. Mimi sikucheka. Kiangazi chote nilimchunga. Akienda posta, nauliza mbona amekawia. Nikipita mbele ya ofisi ya Wendell, napunguza mwendo nione kama gari letu limeegeshwa pale, na gari lenyewe ndilo ninaloliendesha.

Miezi sita ilipokaribia kwisha, Wendell alinipigia simu niende ofisini kwake peke yangu. Nilikwenda tayari kwa ugomvi.

"Nadine hajasaini," akasema kabla sijaketi. "Muda wenu unaisha Ijumaa."

Nilidhani alishasaini zamani. "Amekwambia sababu?"

"Anasema atachukua kama yako. Hospitali itakayokukataa wewe, naye haitaki. Nimemsihi mpaka nimechoka." Wendell alijifuta kipara kwa kiganja. "Saratani ikirudi, bwana, hakuna kampuni itakayomgusa. Mimi nisingemfanyia hivyo."

Nilitamani kumpiga. Miaka yote nilikuwa nikiogopa kwamba angemtunza vizuri kuliko mimi, na sasa alikuwa ananiambia hilo usoni, tena bila kejeli.

"Lete kalamu," nikasema.

Nilisaini fomu yangu ya nyongeza, kisha nikampigia mke wangu simu aje asaini yake. Nadine akasema tu, "Nakuja."

Alipofika, Wendell aliinuka kumvutia kiti. Nikamwahi, nikakivuta mimi. Nadine akaketi, akasaini pole pole, mkono mmoja ukiwa juu ya goti langu. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo, ile anayopaka kwenye harusi tu.

Sikumuuliza ni kwa ajili ya nani.