Mgongo wa Wembe

Tangu kiharusi kinilaze, watu wa nyumba hii wameamua kwamba kila ninachotaka ni choo. Nikiguna, huletewa chombo. Nikiguna zaidi, hugeuzwa ubavu wa pili. Ulimi umekufa, upande wa kulia umekufa, na mkono wa kushoto huinuka kidogo tu kisha huanguka kama mzigo wa hamali aliyechoka. Masikio na macho, alhamdulillahi, ni mazima, na siku ile niliyaona kuwa adhabu.

Ilikuwa siku ya akika ya mjukuu wangu Khubaib. Mbuzi walikwisha chinjwa uani, na kilichobaki ni kumnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo. Mwanangu Abdulbasit, baba wa mtoto, alishikilia kwamba zinyolewe kwa wembe wangu. Mimi nilikuwa kinyozi nyuma ya soko la Marikiti tangu ujanani mpaka nilipoanguka, na watoto wote wa ukoo huu niliwanyoa mimi, yeye mwenyewe akiwemo. Alitaka kuniheshimu. Ningekuwa na ulimi, ningemwambia aniheshimu kwa kununua dukani wembe wa kunyolea mara moja na kutupa.

Wekesa, bwana wa makamo anayekuja asubuhi kuninyoosha viungo, alinikalisha kwenye kiti cha mito sebuleni, akanishika bega nisianguke. Abdulbasit akaleta kisanduku changu. Akatoa wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, akatoa na kinoo.

Kinoo kile hakikutengenezwa kiwandani. Ni jiwe lenyewe kama lilivyotoka mlimani, la kijivu, laini ukiligusa kama shavu. Babu yangu alikuja nalo kutoka Shihiri, Arabuni, na hata yeye hakujua lilichimbwa wapi. Wembe butu hutiwa makali kwenye mawe mengine. Hili ni la kumalizia, la kuyatuliza makali mpaka yapite juu ya ngozi na ngozi isijue. Lataka maji kidogo, mkono mwepesi, na wembe ulale kabisa, makali na mgongo viguse jiwe kwa pamoja. Mgongo wa wembe ulifanywa mnene kwa sababu hiyo hiyo. Ukiuinua, makali yanatoka meno ambayo jicho haliyaoni.

Abdulbasit akauinua.

Yeye ni karani kule Mbaraki, na wiki nzima alikuwa akijifunza kunoa kwa kutazama simu. Nilikuwa nikiisikia hiyo simu kutoka kitandani. Fundi wake alikuwa akinoa visu vya jikoni! Kisu huinuliwa mgongo, sawa, lakini wembe si kisu. Na mwanangu alifanya kosa lile kwa adabu zote: alikunja mikono ya kanzu, akasema bismillahi, akasukuma wembe taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Wembe ukilala vizuri, jiwe hunong'ona tu. Huu ulikuwa ukikwaruza. Niliguna. Badria, mkewe, akaniletea maji. Niliguna tena, akamwuliza Wekesa kama nimelowa. Damu ilinichemka.

Wekesa alinipapasa, akasema ni mkavu, kisha akaongeza, “Mzee anautazama ule wembe. Kuna kitu hakipendi.”

Nilimpenda mtu yule wakati ule kuliko ndugu zangu wote. Abdulbasit aliacha kunoa, akainua macho. Nilikusanya nguvu zote zilizobaki katika mwili wangu, nikauinua mkono, kiganja kikimwelekea, kumwambia aache hapo hapo. Akauweka wembe chini. Akaja, akapiga magoti mbele yangu, akaushika mkono wangu, akaubusu.

“Nshanoa, Baba,” alisema. “Nipa radhi zako.”

Wanawake waliokuwa mlangoni wakapiga vigelegele. Machozi yalinitoka, machozi ya hasira tupu, na Badria akayapangusa kwa upindo wa leso yake.

“Yuwalia kwa furaha,” akawaambia wenziwe.

Wakamleta mtoto, wakauweka mkono wangu juu ya kichwa chake ili nimbariki. Nikausikia utosi wake ukipwita chini ya vidole vyangu, pale ambapo mfupa haujafunga. Nilitaka kuufunika kwa mkono ule, usiondoke tena pale. Wakauondoa.

Abdulbasit aliujaribu wembe kwenye mkono wake, vinyweleo vikaanguka, watu wakaridhika. Hata kifuniko cha kopo kitakata vinyweleo vya mkono. Badria akampakata mtoto, wakamlowesha kichwa. Mkwaruzo wa kwanza ulianza juu ya sikio. Haukukata nywele, uling'oa, na Khubaib akapiga yowe. Mtu mmoja akasema watoto wote hulia. Mkwaruzo wa pili ukaacha mstari mwekundu, na mstari ukaanza kutoa matone ya damu.

Badria alimvuta mtoto kifuani, akamwomba Wekesa akimbie dukani kununua wembe mpya. Wekesa alikwisha simama. Abdulbasit alikuwa amesawijika. Alinigeukia, akaniuliza swali nililokuwa nikilingoja tangu asubuhi.

“Baba, nimekosa wapi?”

Jibu lake mtoto mdogo angeweza kulionyesha kwa kidole. Nilifungua kinywa, yakatoka mate. Basi nikauinua tena mkono, nikaugeuza ubavu kidogo, kisha nikaulaza pajani, polepole: ulaze, mwanangu, ulaze hivi. Mkono ukalala. Kila mtu akaona mkono wa mgonjwa umeanguka kama unavyoanguka siku zote.

Abdulbasit aliutazama pale ulipolala, na uso ukamjaa huruma, kama aliyeona nimekata tamaa na wembe wangu. Akamwambia Wekesa aketi, hakuna haja ya duka.

“Haujakolea makali tu,” akamwambia mkewe. “Wembe wa Baba haujashindwa na kitwa cha mwana. Leo ushindwe mbele ya mato yake?”

Badria alinitazama. Niliona jinsi alivyotaka kukataa, na jinsi alivyoona haya kukataa nami nimeketi pale, mzee wa nyumba, na machozi hayajanikauka. Angekataa! Nilimwomba Mungu akatae, anivunjie heshima mbele ya mji mzima. Akaifuta damu kwa kitambaa, akaketi tena, akamlaza mtoto mapajani.

Mwanangu akarudi kwenye kinoo. Akalimiminia jiwe maji mapya, akasema bismillahi. Safari hii akauinua mgongo zaidi kuliko mwanzo, ili asikosee, akakandamiza kwa nguvu. Wekesa, kwa wema wake, akanigeuza kidogo kitini, nipate kuona vizuri.