Kitambaa cha Kiti cha Dereva

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho. Milango miwili, kiti cha nyuma cha kukalia mkoba, na kiu ya petroli isiyojua aibu. Tena lilikuwa kuukuu. Basi ilikuwaje mnunuzi alitajie bei inayozidi ile ya siku lilipotoka dukani? Mke wa mwenye gari alilizunguka, akafungua boneti, akachungulia mpaka uvunguni. Hakuona cha maana.

Mama huyo alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Siku za kazi aliwatembeza wanafunzi mwendo wa konokono. Jumapili alilitoa gari lake hilo, peke yake, akarudi na uso wa mtu aliyekula vizuri bila kumkaribisha mwenzake. Sasa goti lilikuwa limemgomea, klachi haikanyagiki, na gari limekaa tu chini ya turubai.

Fundi alitaka liuzwe, wanunue la mizigo. Alikuwa ameahidiwa kushona viti vyote vya ukumbi mmoja mkubwa, mradi avichukue na kuvirudisha mwenyewe. Bila gari la mizigo, kazi hiyo ingempita hivihivi akiitazama. Mume alikubali, shingo upande.

Siku moja kabla ya mnunuzi kuja, mume alikwenda kliniki. Kiti cha dereva kilikuwa kimechakaa ubavuni, pale mtu anapojiburuza kuingia, na jicho la fundi halikuweza kuvumilia. Akakivua kitambaa chake cha miraba, akakivika ngozi nyeusi, mshono umenyooka utadhani umechorwa. Akarudisha turubai ili amshangaze mzee. Bei itapanda tena, akajisemea.

Mnunuzi, bwana mpole mwenye mikono safi kama ya daktari wa meno, alifungua mlango akaganda.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," fundi akajibu, kifua mbele.

Mumewe alishika kichwa, akaenda kukaa kwenye ngazi.

"Mama, kazi yako nzuri sana," mnunuzi akasema kwa huzuni. "Lakini kile kitambaa hakitengenezwi tena. Bila hicho, silichukui."

Fundi alikimbilia karakanani, mnunuzi nyuma yake. Kitambaa alikuwa amekitupia ndani ya gunia la vipande vya kujazia mito. Alipiga magoti, akamwaga gunia zima sakafuni, akapekua mpaka akakipata, kimekunjamana lakini kizima.

"Nitakirudisha. Njoo kesho," akasema. "Ila niambie kwanza, maana nitapasuka. Hiki kigari kichakavu kina nini?"

Mnunuzi akachuchumaa kando yake. Magari ya aina hii, alieleza, yalitengenezwa machache. Mengi yalinunuliwa na vijana, wakayabamiza kwenye nguzo. Yaliyopona yaliharibiwa kwa mapenzi: huyu kabadili usukani, yule rangi, mwingine injini. "Mumeo hakugusa kitu. Ndiyo maana."

"Kumbe uvivu wake una soko! Na wewe utaliendesha?"

"Mimi? Hapana, mama. Kila kilomita inashusha bei. Nitalifunika."

Fundi hakuelewa hata kidogo. Mtu anunue gari kwa bei ya kichaa ili alifunike? Lakini alishona kwa mkono usiku ule, sindano ikipita katika matundu yaleyale ya zamani, na asubuhi kiti kilikuwa kama hakijawahi kuguswa. Kasoro ndogo tu: kitambaa kilichovuliwa na kurudishwa lazima kikaliwe, gari litikisike kidogo, ndipo kitulie.

"Panda," akamwambia mumewe. "Naendesha mimi."

Hakuwa amewahi kuliendesha. Mume aliingia kwa kuguna, akavuta mguu ndani kwa mikono miwili. Walitambaa mpaka barabara pana nyuma ya maghala, ambako hapakuwa na mtu.

"Gia ya pili," mwalimu akasema. "Kanyaga. Usibadilishe. Bado... bado... sasa!"

Injini iliyokuwa ikinung'unika ilipaza sauti, kiti kikamsukuma mgongoni, na gia ya tatu ikaingia kwa urahisi ambao mikono yake, iliyozoea vitu vilivyotengenezwa vizuri, iliutambua papo hapo. Alipiga kelele. Hakujua kama anacheka au analia. Kisha hasira zikampanda.

"Miaka yote hii ulikuwa unanificha hiki?"

"Niliogopa utalipenda," mume akasema, macho mbele. "Nikadhani nitapokonywa."

"Ungepokonywa kweli, mchoyo wewe!"

Waliporudi, mnunuzi alikuwa langoni. Alichungulia dirishani, akakagua kitambaa kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mkataba tayari, akasema, na pesa tayari. Fundi alishusha pumzi. Viti vya ukumbi vilikuwa vimepata gari. Lakini mkono wake haukuuacha ufunguo.

"Nipe raundi moja zaidi," akasema.

"Mama, tafadhali! Nimekwambia, kila kilomita inashusha bei."

Fundi alimtazama mumewe, ambaye tayari alikuwa anavuta mkanda.

"Basi punguza," akasema, akaingiza gia ya kwanza.