Bima Isiyo na Moto

Trela yangu ilipata namba mwezi wa pili, baada ya mimi kuzungushwa ofisi hii na ile mara saba. Nikalipigilia bamba la namba nyuma kwa riveti nne, nikasimama nikaitazama. Kilichobaki ni bima. Polisi wa Kiganjo wananijua, na wangefurahi sana kunikuta barabarani bila hiyo.

Mimi ni fundi wa vyuma. Shule niliachia darasa la sita, nikaenda kushikilia watu vyuma wakichomelea, mpaka nikapata mashine yangu. Nimetengeneza mageti kutoka Karatina hadi Naro Moru, mengine yamewazidi umri walioyaagiza. Lakini trela si geti. Ni nyumba ndogo ya magurudumu, ya kuvutwa na pikapu. Chini ni chesisi ya trela ya zamani ya kubebea farasi, ambayo nilinunua shamba moja likiuzwa. Nje ni bati jepesi, ndani ni mbao za saiprasi. Kuna kitanda cha watu wawili, meza ya kukunja, sinki, kabati, na jiko la gesi la vichwa viwili. Imenichukua miaka mitano.

Wazo lilikuwa la mke wangu, Monicah. Zamani alikuwa akiuza ndizi na maparachichi kando ya barabara pale Naro Moru. Siku moja wazungu wawili wazee wakasimama na nyumba kama hiyo, wakanunua ndizi, wakapika chai humo ndani, wakampa kikombe. Alirudi nyumbani hana habari nyingine.

"Baba Shiku," akaniambia, "tutengeneze yetu. Tuzunguke mlima wote. Nanyuki, Meru, Chuka, Embu, turudi na Kerugoya. Mahali jua itatuachia, tunalala."

Nilimwambia nina mageti ya watu ya kumaliza. Hilo ndilo jibu nililompa.

Mwaka wa 2018 binti yetu Shiku, ambaye ameolewa Amerika, alijifungua mtoto wa kwanza. Monicah akaenda kumsaidia kwa miezi mitatu. Miezi ikaisha, akapata kazi ya usiku ya kutunza mzee mmoja wa huko, bila karatasi. Mtu asiye na karatasi anaweza kuja nyumbani, lakini hawezi kurudi kule. Kwa hivyo hakuja. Hatukugombana. Alisema, "Huyu mzee akienda, nami nakuja." Nikaanza kujenga trela. Kila Jumapili nilikuwa namwuliza mzee anaendeleaje, na sitadanganya hapa: nilikuwa nikiulizia hali ya mtu ambaye sikutaka apone.

Ajenti wa bima anaitwa Kagure, mama yake Jesse. Ofisi yake iko Nyeri mjini, lakini mimi nilimtengenezea geti, kwa hivyo alikuja mwenyewe Kiganjo siku ya Jumatano asubuhi, na fomu zake kwapani.

"Fundi, ile geti yako inalia kama mbuzi," ndiyo salamu aliyonipa.

"Paka grisi, Mama Jesse."

"Nilipaka. Sasa ni mbuzi imekunywa mafuta."

Tukaketi kwenye mabenchi ya karakana, akanieleza. Bima ziko tatu. Ya kwanza ndogo: ukigonga mtu au mali yake, kampuni inamlipa yeye, na chako kikivunjika ni shauri yako. Ya pili inaongeza wizi na moto. Ya tatu ndiyo kubwa, inalipa hata ukiipindua mwenyewe.

"Nataka kubwa."

"Hata bei hujauliza."

"Nimejenga miaka tano. Andika kubwa."

Akaanza kuniuliza maswali. Inalala wapi? Nikamwonyesha, hapo kando ya kibanda. Akatazama mashine ya kuchomelea, akatazama trela.

"Hizo ni hatua ngapi?"

"Nane."

"Na cheche zako zinajua kuhesabu?"

Akaandika kitu. Madereva ni akina nani? Nikasema ni mimi na mke wangu. Kagure akainua uso. Kiganjo nzima inajua Monicah yuko wapi.

"Leseni yake iko hai?"

"Ataifufua akija."

Akaandika jina langu, na mstari wa pili akauacha wazi.

Tukaingia ndani. Alivua viatu bila kuambiwa, na hapo nikampenda. Akapiga picha za kitanda, godoro likiwa bado kwenye karatasi yake ya dukani. Akafungua kabati, akafunga. Akapapasa saiprasi kwa vidole, akasema nyumba hii ni safi kuliko yake. Halafu akafika kwenye jiko.

"Washa nione."

"Haijawashwa bado."

"Naona iko mpya. Washa nijue kama paipu inavuja."

"Si mimi wa kuiwasha."

Akageuka akaniangalia vizuri. Yeye naye ni mtu wa huku, alikulia Othaya, sikuhitaji kumfundisha. Kwetu wazee walikuwa wakisema moto wa kwanza wa nyumba mpya huwashwa na mwenye jiko, yaani mke. Mwanamume akijiwashia, amesema kwa mkono wake kwamba hana mtu.

"Fundi, hiyo ilikuwa ya nyumba ya udongo. Hii iko na magurudumu."

"Hata ile yangu ya mabati haikuwa ya udongo."

Nikamweleza. Nyumba yetu niliimaliza mwaka wa 1995, wiki ambayo Monicah alilazwa kujifungua Shiku. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya mwezi wa saba hapa haihitaji maelezo. Nililala siku tatu kwenye nyumba baridi, nikila viazi vya jana kwa mama yangu. Nilimwomba mama aje aniwashie. Akanijibu, "Hilo jiko si langu." Siku ya nne Monicah akafika, akampa mama mtoto hapo mlangoni, akapiga magoti, akawasha. Alikuwa bado anatembea kwa shida. Mpaka leo nikisema neno nyumba, ninachoona ni mgongo wake akipuliza ule moto.

Kagure akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Basi niwashe mimi. Mimi pia ni mwanamke."

"Hapo ndio itakuwa mbaya zaidi."

Tulicheka wote wawili, lakini kazi yake ilikuwa palepale. "Sikiza. Ofisi haiwezi kubeba moto kama jiko halijakaguliwa. Nataka picha ya ile moto ya buluu, basi. Ukikataa, nakuandikia ile kubwa lakini moto inabaki nje. Ukigonga, tunalipa. Ikiibiwa, tunalipa. Ikichomeka, unabaki na chesisi ya farasi."

"Nimesikia."

"Na wewe ni mtu wa kuchomelea."

"Nimesikia, Mama Jesse."

"Mpigie simu mwenye jiko. Atoe ruhusa, tumalize."

Kule ilikuwa saa tisa usiku, lakini Monicah hulala mchana. Alishika simu mara moja. Nikamwona kwenye kioo cha simu amevaa nguo za kazi, anaongea chini chini.

"Kuna nini? Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna. Niko na Mama Jesse wa bima. Anataka jiko iwashwe." Nikaigeuza simu, nikamwonyesha jiko, nikampitisha kwenye sinki na saiprasi. Nikajirudishia simu usoni.

"Washa tu, Baba Shiku."

"Niwashe?"

"Ni jiko. Itakaa baridi mpaka lini?"

Hakufikiria hata kidogo. Nilitaka afikirie. Nikabaki natazama ukuta ulio nyuma yake, na hapo ndipo nikaona si ukuta ninaoujua. Kwa mzee palikuwa na ukuta mweupe na saa kubwa. Huu ulikuwa wa kijani, na picha za maua.

"Hapo ni wapi?"

"Mzee alienda."

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza."

Sisi tulikuwa mwezi wa tatu. Jumapili zote hizo nilikuwa nimemwuliza mzee anaendeleaje, naye akisema ni vile vile.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Halafu wakanipatia huyu mama. Ana miaka themanini. Hana ugonjwa, ni miguu tu. Na Shiku sasa yuko na wa pili njiani, nitamwachaje? Nikaona hii si maneno ya simu."

Nikataka kumwuliza angeniambia kwa kitu gani kingine. Kengele ililia mahali fulani nyuma yake, akageuza kichwa.

"Ananiita. Washa, upike chai, unywe. Usikae na baridi kwa sababu yangu."

Simu ikakatika. Kagure alikuwa ametoka nje, anapiga picha tairi moja ambalo alikuwa ameshalipiga. Ndani ya trela hakuna pembe ambayo mtu hasikii, na nje pia ni hivyo hivyo. Akarudi, akasimama mlangoni, akanipa kiberiti chake.

Nilifungua gesi. Nikasikia inapumua kwenye kichwa cha kwanza. Nikatoa njiti, nikaishika. Kisha nikaifunga gesi, nikafungua dirisha, nikairudisha njiti ndani ya kiberiti.

"Andika bila moto."

"Fundi, si amekubali?"

"Amekubali yeye. Mimi sijakubali."

Kagure akapumua. "Mtu anachomelea chuma kutoka asubuhi hadi jioni, halafu anaacha moto nje ya bima. Nikipeleka hii, watasema nimelewa."

"Waambie mimi ndiye nimelewa."

"Ati niwaambie." Lakini aliandika. Alikunja ile meza, akaikunjua, akaandikia hapo, akitamka maneno ili nisikie: moto hautalipwa, jiko halijawashwa. Nikatia sahihi. Nikamwuliza ikiwa siku moja jiko litawashwa, itakuwaje.

"Unanipigia. Nakuja, nakagua, naongeza moto. Siku yoyote ndani ya mwaka."

"Na mwaka ukiisha?"

"Tunakaa hapa tena, tunaandika ingine." Alikusanya karatasi zake polepole. "Watu wengi huniuliza bei. Wewe umeniuliza siku."

Alipoondoka nilibaki na mashine yangu na trela yangu, na hatua nane katikati. Trela sikuisogeza, mahali pake ni pale, pana sakafu ya saruji niliyomwaga kwa ajili yake. Nilisogeza mashine. Niliivuta mpaka mwisho wa kiwanja, karibu na ua, mahali pasipo na paa, nikarefusha waya wa umeme kwa nguzo mbili. Wenye mageti wananiuliza kwa nini nachomelea juani na kibanda ninacho. Nawaambia hapa kuna hewa.

Sasa mvua ya masika imeanza. Ikinyesha nazima mashine, nafunika kwa turubai, naingia ndani ya trela. Nakaa mezani na koti langu mpaka inyamaze.