Vibao vya Waliosoma

Kila asubuhi, kabla sijafungua maktaba, naondoa vitabu kwenye sanduku la kurudishia, napangusa majalada kwa kitambaa chenye unyevu, kisha navipanga kwenye kitoroli. Ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeniuliza kitu. Jumanne ile nilikuwa nimepangusa vitatu tu niliposikia kioo cha mlango kikigongwa kwa pete.

Alikuwa Bi Marlys Tollefsrud, mwenyekiti wa kamati ya Mwezi wa Kusoma, mkono mmoja sahani ya keki za limau, mkono wa pili ramani ya mji.

"Fungua, mwanangu, pua inaganda!"

Nilifungua.

Mwezi huo mji wetu mzima ulikuwa unasoma riwaya moja ya zamani, ya nchi ambayo serikali inawapeleleza watu hadi ndotoni na jirani anamchongea jirani. Wazo lilikuwa la Bi Marlys. Ukimaliza kusoma, kamati inakuja kukuchomekea kibao mbele ya nyumba: NYUMBA HII IMESOMA. Wiki ya pili vibao vilikuwa vimeota kila mtaa kama uyoga. Wiki ya tatu watu wakaanza kuangalia nani hana.

Nakala zetu zilikuwa thelathini. Karibu zote zilirudi zimenyooka kama shati la Jumapili, migongo haijawahi kukunjwa. Nilizirudisha rafuni tu. Mimi si msemaji.

Bi Marlys alitandaza ramani juu ya kitoroli changu. Nyumba zilizosoma zilipakwa kijani.

"Zimebaki kumi na moja. Aibu gani hii! Hebu nipe orodha ya walioazima, tujue nani anaturudisha nyuma."

"Orodha ya waazimaji huwa... huwa hatuitoi, Bi Marlys."

"Hamwapi watu baki. Mimi ni mtu baki? Mimi niliyekubadilisha nepi, Annelise?" Akaisogeza sahani kwangu. "Ni kuwatia moyo tu. Halafu Alhamisi bodi yetu ya maktaba inakaa kuamua kama tukuajiri kwa kudumu. Nataka niwe wa kwanza kuinua mkono. Usinivunje nguvu."

Nilikikunja kitambaa, nikakikunjua. Kazi hiyo niliitaka tangu siku niliyomaliza chuo. Nikiikosa, narudi kwenye duka la matairi la mjomba, ambako wateja wanaongea.

Kidole chake kilitua kwenye nyumba ya Arvid Skoglund, fundi mstaafu wa mitambo ya kupasha nyumba joto.

"Huyu, kwa mfano. Hana kibao. Watu wanauliza."

Nilijua wanavyouliza. Miaka yote theluji ikianguka, Dale, jirani yake, hupitisha mashine yake ya kuondolea theluji hadi mlangoni kwa mzee. Wiki hiyo aliishia mpakani, sawasawa kabisa, kana kwamba amechorewa mstari kwa rula. Arvid, miaka sabini na tisa na nyonga ya chuma, alikuwa akichota theluji kwa sepetu.

Nilijua na jambo jingine. Arvid alikiazima kitabu hicho mara tatu. Nakala yake ndiyo pekee iliyorudi na makombo ya mkate na doa la kahawa. Neno langu moja lingemsafisha kwa mji mzima. Lakini nikishalitoa hilo moja, nitawanyimaje yale mengine kumi?

Saa tatu kamili Arvid mwenyewe aliingia kufuata gazeti lake, akikung'uta buti.

"Arvid! Tulikuwa tunakusema."

"Kwa mema, naona. Hata keki imetoka."

"Kitabu umesoma au hujasoma?"

"Marlys, nikioga sitangazi. Kwa nini nikisoma nitangaze?"

"Watu watadhani unaficha kitu."

"Naficha, ndiyo. Chupi ya sufu." Akachukua gazeti, akaketi, akapotea nyuma yake.

Bi Marlys alicheka kwa meno tu. Akaniinamia.

"Umemwona? Watu wa namna hii ndio kitabu kinawasema! Mimi kilinitoa machozi, hasa pale mwishoni, wananchi wanapoamka na kushinda." Akafungua kalamu ya kijani. "Haya, mwanangu. Jina la kwanza."

Gazeti la Arvid liliacha kuchakarika.

Nilichukua nakala moja kutoka kwenye kitoroli, safi, haijaguswa, nikaiweka katikati ya ramani, juu ya nyumba za kijani.

"Sikupi," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipanga. "Si leo, si Alhamisi, wala jina la yeyote. Na wananchi hawashindi, Bi Marlys. Wanaishia kuchongeana huku wakipiga makofi. Chukua, ukasome. Na usiogope, sitamwambia mtu kwamba ulikuwa hujakisoma."